Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa BAKITA: neno "ngao" nalo lina ukoo

Ndugu Katibu Mtendaji,
Baraza la Kiswahili la Taifa.

YAH: ASILI YA NENO "NGAO" NA MENGINE YA KIBANTU KATIKA KAMUSI

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari mkoani Kagera, na ninakuandikia hadharani kwa kuwa jambo hili linamgusa kila anayefundisha akiwa na kamusi mezani. Kamusi zetu zinazoonyesha asili ya maneno zina desturi moja: neno lililotoka Uarabuni, Uajemi, India au Ulaya huwekewa kifupisho cha lugha lilikotoka, na neno la Kibantu huachwa hivi hivi. Mwanafunzi anaona kwamba "silaha", "jeshi", "askari" na "risasi" yana kwao, ilhali "ngao", "fumo" na "upinde" hayana. Matokeo yake, nimesahihisha insha nyingi zinazodai kwa ujasiri kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichochujwa.

Nichukue "ngao" peke yake. Wataalamu wanaolinganisha lugha za Kibantu wanalirudisha kwenye shina la kale *gabo (nyota ni alama ya shina lililokisiwa), na ushahidi wake tunao jirani: Waganda husema engabo, Wanyarwanda husema ingabo. Katika Kiswahili ile b ililainika ikawa w, na w hiyo ikamezwa ilipokutana na o au u. Ndiyo maana Mnyarwanda ana izuba na Mganda ana enjuba pale ambapo sisi tuna "jua". Mbele ya a, w hiyo ilisalimika, na kwa hiyo kugaba kwa Kinyarwanda ni "kugawa" kwetu. Kanuni hii moja, ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaielewa kwa kipindi kimoja, inamfungulia maneno mengi ambayo kamusi imeyanyamazia.

Majirani hao wanatuonyesha pia jinsi maana inavyotembea. Kwa Kinyarwanda ingabo ni ngao na ni wanajeshi pia, kwa hiyo Ingabo z'u Rwanda ni majeshi ya nchi hiyo: kilichoshikwa mkononi kimempa jina aliyekishika. Warundi nao wana inkinzo, neno linalotokana na kitenzi kile kile tunachokitumia tunaposema "kukinga". Kwetu maana imetawanyika kwa namna nyingine. Msikitini tunasikia kwamba saumu ni ngao. Kanisani Zaburi ya 3 inamwita Bwana ngao. Taarifa za habari husema raia wametumiwa kama ngao. Na vyuma vinavyofungwa mbele ya gari, juu ya bampa, fundi yeyote huviita ngao. Ukiwauliza wanafunzi wangu, wa kwanza kunyoosha mkono hutaja Ngao ya Jamii ya soka, na sioni sababu ya kumkaripia.

Nembo ya Taifa letu ina ngao katikati, kati ya mwanamume na mwanamke, juu ya Mlima Kilimanjaro. Kwa Kenya jambo linavutia zaidi. Ngao iliyo katika bendera iliyopandishwa tarehe 12 Desemba 1963 ni ya Kimaasai, na Wamaasai, ambao lugha yao si ya Kibantu, huiita elongo. Yao hutengenezwa kwa ngozi ya nyati, nyuma ikashonewa mpini wa mti, na mbele ikapakwa rangi kwa michoro iitwayo sirata, inayomtambulisha mwenye nayo kwa kundi na rika lake. Basi Mkenya anapotazama bendera yake, kifaa ni cha watu hao na jina ni la wengine, jambo ambalo kamusi ingeweza kulieleza kwa mstari mmoja.

Sidai kwamba kazi hii ianzie sifuri. Mtaalamu wa lugha Malcolm Guthrie alianza kuchapa ulinganisho wake mkubwa wa lugha za Kibantu mwaka 1967, mwaka ule ule Baraza lako lilipoundwa kwa sheria, na jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, limeweka mashina ya kale kwenye intaneti ambako yeyote anaweza kuyasoma. Kinachohitajika ni uamuzi wa kuyaingiza, kwa alama ya nyota inayoonyesha kuwa shina limekisiwa kwa ulinganisho na halikukutwa limeandikwa popote.

Ninaomba, kwa heshima, toleo lijalo la kamusi litakalosimamiwa na Baraza liwape maneno ya Kibantu haki hiyo, likianza na majina ya viungo vya mwili, zana za shambani na silaha. Kwa "ngao" ingetosha kuandikwa: *gabo, taz. Kiganda engabo, Kinyarwanda ingabo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Kiswahili, Kagera