Risala ya Vibarua wa Migodi kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Kazi, Lubumbashi

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, wazee wa mtaa, wachungaji wetu, wajumbe wa sendika, yaani vyama vya wafanyakazi, mliofika, baba na mama, ndugu vibarua pamoja na familia zenu.

Tunakushukuru kwa kufika mtaani kwetu Katuba. Tunajua shughuli zako ni nyingi, na huu ni mwaliko wetu wa tatu kwako. Leo umekaa nasi, mioyo imetulia. Karibu sana.

Historia tutaipita mbio kwa kuwa unaijua. Kampuni ya migodi ya Union Minière ilianza 1906. Desemba 1941 wafanyakazi wake waligoma wakidai nyongeza ya mshahara, wakapigwa risasi kwenye uwanja wa mpira wa mji huu huu, ungali unaitwa Élisabethville. Mwaka 1967 migodi ikawa ya taifa, chini ya kampuni ambayo baadaye iliitwa Gécamines, na sendika zote zikaunganishwa kuwa moja. Wazee wetu walikuwa wakisema Gécamines njo baba, njo mama, kwa sababu mshahara, posho ya unga, shule na hospitali vilitoka mlango mmoja. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kisha madeni, kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka 1990. Sheria ya Migodi ya 2002 ikafungulia makampuni ya nje, na kuanzia 2003 wafanyakazi 10,655 wa Gécamines wakaondoka katika mpango wa Benki ya Dunia ulioitwa wa hiari. Wengi wetu hapa ni watoto wao.

Chama chetu kilianza na watu 19 chini ya mwembe. Leo tuko 140. Tuna likelemba, mchango wa kupeana kwa zamu, ambayo haijakosa hata mwezi mmoja, viti 60 vya plastiki, hema mbili, na tumezika wenzetu wanne bila familia hata moja kukopa sanduku. Tunasema kwa fahari kwamba ni vigumu kuona kundi jingine la vibarua mjini hapa lililofika hapo.

Mheshimiwa, sasa tuje kwenye lililotufanya tukuite.

Baba zetu walipogoma walijua wanamgomea nani. Ofisi yake ilikuwa hapa hapa mjini, na taa zake zikiwaka usiku waliziona. Sisi mwenye mgodi hatumjui. Bei ya shaba inapangwa London, hisa zinauzwa nchi nyingine, mzigo unapita mpakani Kasumbalesa kwenda baharini, na kobalti yetu inaishia kwenye betri za magari ambayo hatutayapanda. Februari 2025 serikali iliposimamisha kobalti kwenda nje kwa sababu bei ilikuwa imeanguka, sisi tulipata habari kwa dereva wa basi: alfajiri ile hakutufungulia mlango.

Kati yetu na mgodi kuna makampuni ya sutretansi, yanayopewa kazi na mgodi kisha yanatuajiri sisi. Tukienda mgodini kudai, tunajibiwa: ninyi si watu wetu. Tukienda kwenye sutretansi, tunajibiwa: mwenye mgodi hajatulipa. Sheria ya 8 Februari 2017 ilitaka kazi hizo zishikwe na makampuni ya Wakongo, na hilo tunaliunga mkono. Lakini ilimwangalia mwenye kampuni. Anayeshika koleo bado anangoja.

Anangojaje? Kifungu cha 40 cha Sheria ya Kazi ya 2002 kinasema kibarua akishafanya kazi siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, kontrati yake inahesabiwa kuwa haina mwisho. Ni kifungu kizuri. Sisi tunasimamishwa siku ya 21.

Mama mweka hazina wetu ana kaye, daftari la kurasa 96 lenye jalada la buluu. Kila jioni anasimama pale basi linaposhushia watu na kuchora kijistari kwa kila mmoja. Tumemletea Mheshimiwa kaye hiyo, iko mezani mbele yako. Tafadhali fungua ukurasa wa kijana wetu wa pampu. Vijistari 21, jina la kampuni ya kwanza. Anapumzika siku tatu. Vijistari 21 tena, jina la kampuni ya pili. Pampu ni ile ile, kapita, msimamizi wa kazi, ni yule yule, hata kofia ya kazi ni ile ile yenye ufa. Jina la kwenye karatasi ndilo linalobadilika. Kwa hiyo kila mwezi yeye ni mgeni, na mgeni hapigi kura ya kuchagua wajumbe wa sendika. Nchi yetu iliridhia Mkataba namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani, unaolinda haki ya kuunda sendika, mwaka 2001. Kijana huyu alizaliwa mwaka huo.

Tunaomba jambo moja. Atumwe inspekta wa kazi, asubuhi moja tu, aje na orodha za malipo za makampuni hayo, azilinganishe na kaye hii, na ahesabu siku kwa kazi iliyofanywa, asihesabu kwa jina la kampuni.

Ombi hili si jipya, Mheshimiwa, na ni lazima tuseme. Mgeni wetu wa 2022 aliahidi inspekta ndani ya wiki mbili, tukampigia makofi tukiwa tumesimama. Mgeni wa 2024 alisema inspekta yupo ila gari halina mafuta. Tulichanga mafuta. Lita 20 zilikaa nyumbani kwa katibu miezi mitano, mpaka mke wake akatuomba tuzitoe kwa kuogopa moto. Hatuwalaumu mbele yako. Lakini wenzetu 11 wameacha kulipa ada ya chama tangu hapo, na hatuna jibu la kuwapa.

Kwa hiyo leo hatukuombi ahadi. Ukurasa wa mwisho wa kaye tumeuacha mtupu, na kalamu iko pembeni. Tunaomba uandike hapo, kwa mkono wako, tarehe ambayo inspekta atakuja. Mama mweka hazina atasimama kando yako, kisha tutakwenda mezani kula.