Kalambo nayo ni ya ziwa letu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wa Kigoma wanaoshughulika na utalii. Mgeni akishuka stesheni tunamwambia Gombe, tunamwambia Mahale, tunampeleka Ujiji kwenye kumbukumbu ya Livingstone, basi. Maporomoko ya Kalambo hatuyataji, kana kwamba yako nchi nyingine. Ni kweli nusu yako nchi nyingine, maana mto Kalambo ndio mpaka wetu na Zambia. Lakini nusu ya pili iko Rukwa, na maji yote yanaishia humu humu Tanganyika tunamovua migebuka na dagaa.

Asiyepajua asidhani ni maporomoko ya kawaida. Mto unafika ukingoni mwembamba tu, halafu ardhi inakatika, maji yanashuka zaidi ya mita 220 kwa mkupuo mmoja. Victoria, yanayosifiwa dunia nzima, yana kimo cha mita 108. Kwa wingi wa maji, sawa, Kalambo hayafui dafu, na kiangazi yanapungua sana. Ila kiangazi hicho hicho ndipo makongoti hutaga kwenye kuta za korongo. Ndege hawa tumezoea kuwaona majalalani wakigombea utumbo. Pale unawatazama kwa juu, unaona migongo yao wakizunguka bondeni bila kupiga bawa.

Kuna na la kale. Mwaka 2023 wanaakiolojia walitangaza kwamba magogo mawili yaliyochimbuliwa jirani na maporomoko, upande wa Zambia, moja limechongwa likapachikwa juu ya jingine, yana umri wa miaka ipatayo 476,000. Binadamu wa aina yetu alikuwa hata hajatokea!

Kazi ni kufika. Njia inayotajwa sana ni ya Sumbawanga na Matai, ambayo kwa mtu wa Kigoma ni kuzunguka. Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, kwa miaka mingi ilitoka hapa ikishusha abiria Kasanga kabla ya kumalizia Mpulungu, na Kasanga hadi maporomoko si mbali. Ratiba za meli zinapopangwa, Kasanga ihesabiwe kituo cha watalii pia, sio cha magunia pekee. Mahale iko njia hiyo hiyo, kwa hiyo mgeni mmoja anaona vyote kwa safari moja.

Wenye nyumba za wageni hapa mjini hawana haja ya kusubiri meli. Ramani nilizoziona zimebandikwa mapokezi zinaishia Mahale. Wazirefushe.

Msomaji wako,
Ujiji, Kigoma