Mwanangu, safari hii vuka Darajani

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Nimefurahi kusikia unakuja mwezi ujao, ila lile neno lako kwamba mji wa Unguja unamalizika kwa siku moja limeniuma. Ulichokimaliza wewe ni Shangani, kipande tu cha Mji Mkongwe, na hiyo Shangani yenyewe uliipita mbio ukielekea Forodhani. Sikulaumu sana, kwani kila mgeni hupitishwa njia hiyo hiyo: Ngome Kongwe, Beit al Ajaib iliyoporomoka upande mmoja Disemba 2020, kanisa la Mkunazini pale palipokuwa na soko la watumwa, kisha jioni mishikaki na maji ya miwa. Yote hayo ni yetu na nayapenda. Lakini sensa ya 2022 ilihesabu karibu watu laki tisa katika Mkoa wa Mjini Magharibi, na wengi wao hawakai Mji Mkongwe. Baba yako kazaliwa Kikwajuni, ng'ambo ya pili ya barabara ya Darajani, na wewe hujapata kuitembea Ng'ambo kwa miguu yako.

Basi safari hii anzia Darajani, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Zamani mkono wa bahari ulipita hapo ukiutenga mji na Ng'ambo, na watu wakivuka kwa daraja. Maji yalifukiwa, ikabaki barabara na jina. Ingia kwenye lile soko la 1904, nenda upande wa samaki, usimame tu uangalie watu wanavyosalimiana. Muuza pweza hakutajii bei mpaka akuulize hali, na za nyumbani, na wazee wanaendeleaje huko Muscat. Najua huko ulikozoea mtu huona hapo anapotezewa wakati. Mimi naona ndipo biashara inapoanza. Akishajua wewe ni mtoto wa nani, hakupi pweza wa jana.

Kutoka hapo shika njia ya Mlandege, pita kwenye maduka ya kanga, usinunue kitu siku ya kwanza, uende mpaka Michenzani. Hapo nataka ukae sana. Wageni huyatazama yale majumba marefu ya saruji wakasema mabaya, wakageuza. Mipango yake ilichorwa baada ya Mapinduzi, mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, na nyumba nyingi za chini zikavunjwa kupisha zile barabara pana. Hebu fikiri: watu waliozoea ua nyuma na baraza mbele, leo wanapandishwa ghorofani, mlango unatazama ngazi. Walifanya nini? Waliteremsha baraza chini. Nenda saa za alasiri utawaona. Kuna ubao umewekwa juu ya matofali, wazee wanne wanacheza dhumna, na kila kete inapopigwa mezani vikombe vya kahawa vinaruka. Muuza kahawa anapita na dele lake, makaa chini yake, anagonganisha vikombe viwili kwa mkono mmoja, na hana haja ya kupiga kelele. Kahawa chungu, kashata kipande. Ukipewa nafasi, kaa. Usitoe simu.

Na kabla hujakaa, toa salamu kwa wote, si kwa mmoja. Mkubwa mwambie shikamoo, usingoje akuanze. Kijana anayepita baraza kimya hapa kwetu husemwa mpaka kwao, na mimi sitaki kusikia maneno hayo kwa mtoto wa kaka yangu.

Najua utaniambia watu hawa hawana kazi. Mwanangu, wengi unaowaona pale wametoka bandarini, skuli, sokoni, wamesali alasiri, ndiyo wamekaa. Hapo hapo mtu hupata fundi wa bomba, hupata taarifa ya msiba na saa ya maziko, hujua nani kalazwa Mnazi Mmoja na nani anatafuta posa. Na upole wao usikudanganye. Mwaka 1928, mwaka ule ule Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi nyimbo zake, watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja vilivyojengwa nyumba zao. Siti mwenyewe kazaliwa Fumba akaja kuishi huko huko Ng'ambo, na usiku watu walikusanyika kwake kumsikiliza. Mtaa uliotulia namna hii ulikuwa na sauti kubwa.

Chakula cha mchana utakula kwangu, hilo halina mjadala. Lakini urojo kaunywe mtaani, kwa mama mmoja huku kwetu Miembeni anayeweka meza mlangoni kwake. Rojo lake la manjano, la unga na ndimu na embe bichi, halishiki kijiko na wala si maji. Anatumbukiza viazi, bhajia, kachori, anachomoa nyama ya mshikaki kwa vidole, anamwagia chatine ya nazi, kisha anabana chipsi za muhogo juu zibaki kavu. Unywe pale pale kwenye baraza yake, bakuli mkononi. Ukilitia kwenye mfuko ulete nyumbani, muhogo unalainika na raha yote imekwenda.

Kuna jambo linanisumbua, nalo ndilo lililonifanya nikuandikie. Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na milango na kuta zake zina sheria za kuzilinda. Nafurahi. Ila nyumba nyingi zimegeuka hoteli na maduka ya vinyago, wenyewe wamehamia Fuoni na Mwanakwerekwe, na kwenye baraza walizokaa babu zetu sasa zimepangwa bidhaa. Kiponda na Malindi bado utakuta wazee wamekaa, na Jaws Corner bado kuna kahawa na siasa mpaka usiku. Kaa nao pia. Baraza isipokaliwa na nyinyi vijana, hakuna sheria itakayoiokoa.

Hoteli usichukue, chumba cha uani nimeshakisafisha. Ijumaa usipange kitu mpaka baada ya sala. Jioni yake binamu yako atakupeleka uwanja wa Mao kuangalia mpira, na baba yako akipiga simu mwambie uko Kikwajuni, aulize watu wa mtaa wake mmoja mmoja kwa majina, uwapelekee salamu.

Shangazi yako,
Miembeni