Huyu Ni Kereng'ende Gani? Jinsi Tunavyotambua na Kupima Picha Zenu Kabla ya Mashindano

Mvua zinapotulia na mabwawa ya Nairobi yakiwa yamejaa, wateja wetu huanza kutuletea picha za kereng'ende. Wengine hutaka zichapishwe kwa ukubwa wa A3 ili zitundikwe ukutani, wengine huziandaa kwa mashindano ya picha za wanyamapori, na karibu wote huuliza swali moja: huyu ni kereng'ende gani? Swali hilo ndilo lililotufanya tuongeze huduma ya utambuzi na tathmini juu ya kazi yetu ya kawaida ya uchapishaji, na katika makala hii tunaeleza tunavyoifanya, pamoja na sababu inayotufanya wakati mwingine tumrudishie mteja picha nzuri sana bila jina kamili la spishi.

Duniani kuna zaidi ya spishi 6,000 za kereng'ende, na nyingi kati ya hizo hutenganishwa na alama zisizozidi punje ya mtama. Picha iliyopigwa kutoka mbele, yale macho makubwa mawili yakiitazama lenzi, humvutia kila anayeiona, lakini huficha ubavu wa kifua, mishipa ya mabawa na ncha ya fumbatio (ile sehemu ndefu ya nyuma ya mwili), yaani karibu kila kitu ambacho mtambuzi anakihitaji. Kwa hiyo sisi huipima picha kwanza kwa kile inachokionyesha, na jina tunaloliandika haliendi mbali kuliko picha yenyewe inavyoruhusu. Ikiruhusu spishi, tunaandika spishi. Ikiishia kwenye jenasi, yaani kundi la spishi zenye ukoo wa karibu, tunaishia hapo hapo, na tunamweleza mteja ni pembe gani iliyokosekana.

Tulifikia msimamo huu baada ya kukosea. Miaka ya mwanzo tulichapa kadi za maelezo za maonyesho madogo ya mteja wetu mmoja, na chini ya picha ya kereng'ende mwekundu aliyetua juu ya unyasi tukaandika Crocothemis erythraea kwa sababu tu alikuwa mwekundu mwili mzima. Mgeni mmoja alisimama mbele ya picha ile, akatuonyesha miguu. Dume la Crocothemis erythraea lina miguu myekundu na fumbatio pana, lililobapa. Yule wetu alikuwa na miguu myeusi, fumbatio jembamba lenye weusi pembeni kuelekea nchani, na mishipa myekundu iliyotapakaa kwenye mabawa. Alikuwa Trithemis arteriosa, mmoja wa kereng'ende wekundu wa kawaida kabisa nchini Kenya. Alama zote tatu zilikuwa wazi kwenye picha tuliyokuwa tumeichapa kwa mikono yetu, nasi hatukuziangalia, kwa kuwa rangi ilikuwa imetutosheleza.

Rangi hudanganya kwa njia nyingi. Dume na jike wa spishi moja mara nyingi hawafanani hata kidogo. Kereng'ende aliyetoka kwenye gamba lake la majini asubuhi hiyo huwa amepauka, na mabawa yake humeta kama karatasi ya nailoni. Rangi ya utu uzima huja baadaye. Madume mengi ya jenasi ya Orthetrum huanza maisha yakiwa na rangi ya manjano na kahawia kama majike, kisha hufunikwa taratibu na ungaunga wa nta unaowafanya waonekane wa buluu. Mteja akituletea Orthetrum wa manjano na kutuambia ni jike, tunakuza picha hadi tuone upande wa chini wa pingili ya pili na ya tatu kati ya zile 10 za fumbatio. Pakiwa na kivimbe, huyo ni dume, maana hapo ndipo penye viungo vyake vya kujamiiana. Ndiyo sababu picha ya ubavuni, iliyopigwa kamera ikiwa sambamba na mwili, ina thamani kubwa kuliko picha tatu za kutoka juu.

Kabla ya hayo yote tunatenganisha makundi mawili makubwa. Kereng'ende wanene hutua wakiwa wametandaza mabawa, na kwa wengi wao macho hukutana juu ya kichwa. Wale wembamba, walio dhaifu kama uzi, wana macho yaliyoachana, na wengi hukunja mabawa mgongoni. Kila kanuni ina wakaidi wake. Familia ya Gomphidae ni ya kereng'ende wanene, lakini macho yao hayagusani, na katika familia hiyo yumo Notogomphus maathaiae wa misitu ya nyanda za juu za Kenya, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2005 kwa heshima ya Profesa Wangari Maathai. Tunatamani sana siku moja mteja atuletee picha yake, na ikitokea tutamwomba aina zote za pembe kabla ya kuthubutu kuliandika jina hilo.

Kuhusu mashindano, wateja wengi hushangaa tunapowaambia kwamba urembo si kipimo cha kwanza. Ufafanuzi wa picha za asili unaotumiwa kwa pamoja na mashirika ya wapiga picha ya FIAP, PSA na RPS unataka simulizi ya picha ihesabiwe kuliko uzuri wake, huku ubora wa kiufundi ukibaki juu. Kereng'ende anayemtafuna nzi, au jike anayetaga mayai akiwa ameshikwa shingoni na dume, hubeba simulizi hiyo. Ufafanuzi huo huo unaruhusu kukata pembezoni mwa picha, lakini hauruhusu kuongeza, kuhamisha wala kufuta kitu. Kwa hiyo ubua wa tete uliokatiza mbele ya bawa haufutwi kwa programu. Tunatazama pia mishipa ya mabawa kwa makini, kwa sababu baadhi ya programu za kunoa picha hubuni mishipa ambayo mdudu hakuwa nayo, vijumba vilivyo kati ya mishipa vikaungana na vingine vikapotea, na hapo picha huwa imeharibika kwa mtambuzi na kwa jaji pia. Picha za wadudu waliotiwa kwenye jokofu ili watulie hatuzipokei kabisa.

Wanaotaka kurudi uwandani hawahitaji kwenda mbali. Maji yaliyotulia kama Lily Lake katika Msitu wa Karura, au mabwawa ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, yanatosha kwa mafunzo ya mwaka mzima. Asubuhi ya baridi kereng'ende hukaa kimya wakingoja jua, na huo ndio wakati wa kusogea polepole na kuweka tundu la lenzi kati ya f/8 na f/11 ili mwili wote uonekane vizuri. Jua likipanda, chagua kijiti ambacho dume amekirukia na kukirudia, kisha subiri hapo, maana atarudi. Adhuhuri utaona wengine wameinua fumbatio kuelekea juani kama mnara; hufanya hivyo ili kupunguza eneo la mwili linalopigwa na jua. Pantala flavescens, yule msafiri anayevuka Bahari ya Hindi, hatui mara kwa mara, na ukimtaka akiwa hewani anza na kasi ya shata ya sekunde 1/2000. Brachythemis leucosticta naye hukufuata mwenyewe, kwa kuwa huwakamata wadudu wadogo wanaoruka miguu yako inapokanyaga majani.

Unapokuja kwetu, tuletee faili ghafi (RAW) kutoka kwenye kamera, pamoja na picha zote za mdudu huyo huyo hata zile unazoziona mbaya, kwa sababu jina mara nyingi hupatikana kwenye picha iliyokuwa karibu kutupwa. Andika mahali, tarehe, na kama maji yalikuwa yakitiririka au yametulia. Kwa chapa ya A3 yenye nukta 300 kwa inchi tunahitaji takriban pikseli 4,960 kwa 3,508; picha iliyokatwa ikabaki na upana wa pikseli 2,000 itatoka vizuri kwa upana wa sentimita 17 hivi, na tutakuambia hivyo kabla hujalipa. Pamoja na chapa utapewa ukurasa mmoja wenye jina tulilolifikia, alama tulizozitumia kulifikia, na maoni yetu kuhusu simulizi, mwanga na ukali wa picha. Ikiwa hukubaliani na jina tulilokupa, njoo tukuze picha pamoja kwenye skrini, utuonyeshe unachokiona.