Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Mafundi wa Ndege

Ndugu wanachama,

Mambo ya kawaida nitayapitia haraka. Ada zimekusanywa, hesabu zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma baada yangu. Mfuko wa kusaidiana umewafikia wenzetu waliofiwa. Wanachama wapya wamejiunga, wengi wao vijana waliotoka vyuoni majuzi tu, karibuni sana. Muda uliobaki nauelekeza kwenye jambo lililotukutanisha, na mara nyingine kutugombanisha, mwaka mzima: uamuzi wa shirika kukodi ndege za Airbus A320 zilizokwishatumika kwingine, ili zichukue njia za ndani ambazo mpaka sasa zilihudumiwa na ndege za pangaboi.

Uamuzi wenyewe kamati yenu haikuupinga, na najua wapo humu waliotaka tuupinge. Anayeagiza A320neo, yaani toleo jipya la ndege hiyo, leo husubiri miaka, na injini za kizazi kipya nazo zimeleta mashaka yake. Tangu 2023 mamia ya ndege zenye injini za Pratt & Whitney GTF zimelazimika kulazwa kwa vipindi kwa sababu ya dosari katika unga wa chuma uliotumika kutengeneza baadhi ya sehemu zake. A320 ya zamani inakula mafuta zaidi, hilo halina ubishi. Lakini injini yake tunaijua na mafundi wanaoijua wako kila pembe ya dunia. Tena katika safari fupi mafuta yanayookolewa kwa kila mruko ni machache, ilhali kodi ya ndege mpya haipungui kwa kuwa safari ni fupi.

Tulichokikataa ni kuitwa siku ndege inapotua, tukabidhiwe funguo na makabrasha, tuambiwe iruke kesho yake. Tulidai mafundi wawepo kabla mkataba haujatiwa saini. Baada ya vikao vingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, menejimenti ilikubali.

Hapo ndipo tofauti ya macho ilipoonekana. Wenzetu wa fedha waliipanga orodha ya ndege kwa mwaka wa kutengenezwa. Sisi tuliisoma kwa mizunguko, yaani idadi ya mara ndege iliporuka na kutua. Kila inapopanda bodi hujazwa hewa ikavimba kidogo, kila inaposhuka hewa hutoka, na chuma hulihesabu hilo hata kama kalenda haikuhesabu. Mnakumbuka Boeing 737 ya Aloha Airlines iliyobanduka paa angani mwaka 1988 na mhudumu mmoja akapoteza maisha. Ilikuwa na miaka 19, umri usiomshangaza mtu, lakini ilikuwa na mizunguko zaidi ya 89,000 ya safari fupi kati ya visiwa, kwenye hewa ya chumvi. A320 awali ilisanifiwa kwa mizunguko 48,000 au saa 60,000; baadaye Airbus ikaongeza hadi mizunguko 60,000 au saa 120,000, kwa masharti ya ukaguzi wa ziada. Kwa ratiba yetu ya ndani, ndege inayoruka mara 6 kwa siku itakula mizunguko 2,000 hivi kwa mwaka. Kwa hiyo ndege iliyozeeka ikifanya safari ndefu inaweza kutufaa kuliko nyingine changa iliyochakazwa kwa safari za nusu saa. Ndege moja iliyokuwa juu kabisa ya orodha yao iliondolewa kwa hoja hiyo hiyo.

Suala la injini lilituchukua muda zaidi. A320 za zamani huja na injini za aina ya CFM56 au V2500, na sokoni huokota unachokikuta. Shirika lilikuwa tayari kuchanganya. Tuliwaeleza kwamba kwenye leseni ya fundi hizo ni idhini mbili tofauti, kwamba stoo italazimika kubeba vipuri vya aina mbili, na kwamba ndege itakapokwama usiku kituo cha mbali, fundi aliyepo huenda asiwe na ruhusa ya kuitilia saini iruke. Hoja hii ya mwisho ndiyo iliyowaingia, maana ina gharama ya abiria waliolala uwanjani. Zote zitakuwa CFM56.

Halafu kuna karatasi. Diski na shafti za injini zina ukomo, kwa kawaida kati ya mizunguko 20,000 na 30,000 kutegemea sehemu, na kila moja lazima ionyeshe historia yake tangu ilipotoka kiwandani. Ukurasa mmoja ukikosekana, kifaa kizima kinaweza kugeuka chuma chakavu. Mwaka 2023 iligundulika kwamba vipuri vyenye vyeti vya kughushi vilikuwa vimeingia katika injini za CFM56 kupitia muuzaji mmoja wa Uingereza. Waliostuka kwanza walikuwa watu wa karakana ya TAP, shirika la ndege la Ureno, walioona kifaa kilichoandikwa kipya kikiwa na dalili za kuchakaa. Sina haja ya kuongeza chumvi. Naomba tu mkataba wa ajira utambue muda wa kusoma makabrasha kuwa ni kazi, kwa sababu mpaka leo usimamizi unauhesabu kama fundi amekaa bure.

Jingine ni majira ya kupokea. Ukaguzi mkubwa wa muundo huja kwenye miaka 6 na 12, na miguu ya kutua, inayobeba magurudumu, hufunguliwa karakana maalumu kila miaka 10 au mizunguko 20,000, kutegemea kipi kinatangulia. Ndege nyingi huachwa na wakodi wake zikikaribia hapo, na ndiyo maana bei huwa tamu. Tulipendekeza ukaguzi huo ufanyike kwa gharama ya mwenye ndege kabla ya makabidhiano. Tumepata hilo kwa baadhi ya ndege tu. Kwa zilizokuwa zimeegeshwa muda mrefu, tumesisitiza mirija ya kupimia mwendo isafishwe na kukaguliwa upya. Wadudu hujenga humo bila kuomba kibali.

Mafunzo ya mafundi wa A320 yanakwenda polepole. Kundi la kwanza limemaliza darasa na liko kwenye mazoezi ya karakanani, la pili bado linasubiri nafasi. Wakati huo huo pangaboi zinaendelea kuruka, na zamu za usiku zimebaki na watu walewale. Kuna vijana wanaotoka zamu saa kumi na mbili asubuhi wakaingia darasani saa mbili. Nimeiambia menejimenti ana kwa ana kwamba fundi mwenye usingizi ni hatari kuliko ndege yenye miaka 15, nanyi nawaambia msikubali zamu ya aina hiyo hata mkibembelezwa.

Azimio lililo mbele yenu lina sehemu mbili: hakuna A320 itakayoingizwa kwenye ratiba kabla ya kila kituo inacholala kuwa na fundi mwenye idhini yake, na saa za darasa zihesabiwe ndani ya saa za kazi. Kamati inaliunga mkono kwa kauli moja. Katibu atalisoma neno kwa neno, kisha tutapiga kura.