Baiskeli ya mjomba isiuzwe kabla haijawa yako

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na wasomaji wenzangu wa Mtwara na Lindi, hasa wale walioachiwa baiskeli kuukuu na wazee wao, wakazipanda mara mbili tatu, wakaona hawaziwezi. Siku hizi wanunuzi wa vyuma chakavu hupita kwetu Mikindani na mikokoteni, na mara mbili nimeshuhudia baiskeli nzima aina ya Raleigh, yenye fremu isiyo na ufa wala mkunjo, ikipimwa kwa kilo pamoja na mabati na sufuria zilizotoboka. Niliumia sana, kwa sababu nusura nami niipeleke ya kwangu kwenye mizani ile ile.

Niliirithi kwa mjomba, kama ilivyo desturi yetu tunaohesabu ukoo upande wa mama. Wazee walinikabidhi baiskeli nyeusi, pampu na kisanduku cha spana, wakanisihi niitunze. Nilikubali kwa heshima, lakini sikuipenda. Ilikuwa nzito, kilo 20 hivi kabla hujafunga chochote kwenye keria, na safari ya kilomita 10 hivi kwenda kazini Mtwara mjini iliniacha na maumivu ya magoti na kiuno. Kila mguu wa kushoto uliposhuka, kitu kiligonga ndani ya chuma, ko, ko, ko, tangu nyumbani hadi ninakokwenda. Breki zake za fito, mimi niliyezoea breki za waya, zilinitia hofu. Basi nikaiegemeza ukutani uani, ikakaa miezi minne, na kila nilipopita karibu yake nilijisikia kama niliyekataa wosia.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja, fundi baiskeli wa siku nyingi, ambaye aliitazama kwa muda bila kuigusa, kisha akaniambia, "Mwanangu, hii bado ni ya mjomba wako." Alikuwa na maana ya wazi kabisa. Mjomba alikuwa mfupi, mimi ni mrefu. Kiti kilikuwa kimewekwa kwa miguu yake, usukani kwa mikono yake, na meno ya gurudumu la nyuma kwa mapaja ya mtu aliyebeba magunia ya korosho kwa miaka mingi. Mimi nilikuwa nimepanda mwili wa mtu mwingine, kisha nikailaumu baiskeli.

Tulianza na kiti. Fundi aliniketisha, akaniambia niweke kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa, na akakipandisha kiti mpaka mguu wangu ukanyooka. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, kama inavyotakiwa, goti hubaki na mkunjo mdogo. Kazi hiyo ilichukua dakika chache na spana moja, na maumivu ya magoti niliyoyavumilia kwa wiki kadhaa yakaisha. Kiti chenyewe ni cha ngozi, cha Brooks, watengenezaji wa Uingereza walioanza kazi mwaka 1866. Ngozi ya namna hiyo haibonyei kama sponji. Hujifinyanga polepole kufuata umbo la anayeikalia, kwa hiyo niliyokuwa nikiikalia ilikuwa na umbo la mjomba. Tuliipaka mafuta ya ngozi kidogo upande wa chini, tukakaza nati iliyo chini ya ncha yake ya mbele, na baada ya miezi miwili nikaanza kuhisi kwamba imenikubali.

Ule mlio wa ko, ko, ko, ambao karibu unifanye niiuze, ulitokana na kotapini, yaani kile kipande cha chuma kilichochongwa upande mmoja kama kabari, ambacho hushika mkono wa pedali kwenye ekseli. Mtu niliyempelekea kwanza alikuwa akikaza nati tu kila ilipolegea, mpaka nyuzi zake, yaani ile mikato ya skrubu, zikalika. Fundi mzee alitoa pini ya zamani, akanionyesha alama ya kubonyea katikati ya ule upande bapa, akatia mpya, akaegemeza mkono wa pedali juu ya gogo, akaigonga kwa nyundo ikakaa, ndipo akakaza nati kwa utaratibu. Aliniagiza nirudi baada ya siku mbili aigonge tena. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikisikia matairi tu yakisaga mchanga wa kando ya barabara.

Uzito haukupungua, lakini tulibadilisha meno. Mbele kuna 46, nyuma yalikuwa 18, maana yake kila mzunguko wa pedali ulinisukuma zaidi ya mita 5 na nusu, jambo zuri kwenye tambarare na adhabu mbele ya upepo wa baharini. Tulipoweka meno 22, mzunguko mmoja ukawa mita 4 na nusu hivi. Nachelewa kidogo, lakini nafika nikiwa na nguvu. Kuhusu breki, ni lazima nikiri kwamba raba zinazobana ringi ya chuma huteleza mvua inaponyesha, na dawa yake ni kushika breki mapema.

Jioni moja, nikiifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nilitoa tabaka la grisi na vumbi kwenye gurudumu la meno la mbele, na chini yake vikatokea vichwa vitatu vya korongo, shingo zao zimekatwa katika chuma chenyewe. Ndege huyo ni alama ya Raleigh, kampuni iliyoanza Nottingham, Uingereza, katika miaka ya 1880. Mjomba aliipanda miaka yote hiyo na sikumbuki kumsikia akiwataja. Nilikaa chini nikaita watoto waje kuona, na nadhani siku hiyo ndiyo niliyoacha kuiita "baiskeli ya marehemu".

Sisemi kila chuma kikuukuu kihifadhiwe. Fremu iliyopasuka ni hatari kwa mpandaji, na sitamshauri mtu apande na mzigo kwenda Newala, kule juu mlimani, kwa baiskeli isiyo na gia. Lakini baiskeli iliyonyooka si chakavu, tena matairi yake ya inchi 28 bado yanapatikana, kwa kuwa India na China wanaendelea kuunda baiskeli za kipimo hicho.

Kuna kifaa kimoja kinachonisumbua, nacho ndicho kimenifanya niandike. Vikombe vya gololi vya ekseli ya pedali za Raleigh za zamani vina nyuzi 26 kwa inchi, wakati vya baiskeli nyingine nyingi vina 24, na ukilazimisha kisicho chake unaharibu fremu moja kwa moja. Vile vya asili vinayeyushwa pamoja na fremu zinazouzwa kwa kilo. Kwa hiyo nawaomba mafundi wa Mtwara, Lindi, Masasi na Nachingwea, pamoja na wanunuzi wenyewe wa vyuma chakavu, wavifungue vikombe hivyo na kuviweka akiba kabla fremu haijapakiwa. Mimi natafuta cha upande wa kushoto, na niko tayari kukinunua kwa bei inayozidi ya mizani.

Msomaji wako,
Mikindani, Mtwara