Barua kwa Bakari: Beki Namba 21

Toronto,
Jumapili usiku

Sahibu yangu Bakari,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Watoto wanasoma, mama yao anakusalimu wewe na shemeji, na baridi ndiyo imeanza kuuma masikio. Ujumbe wako wa sauti niliupata nikiwa kazini, nikausikiliza mara mbili njiani wakati wa kurudi. Umesema kijana wako Hamisi kapangwa beki kwenye timu ya shule, na tangu siku hiyo anatafuta visingizio asiende mazoezini, kwa kuwa rafiki zake wote wanacheza mbele na wao ndio wanaobebwa juu juu mechi ikiisha. Ukasema wewe ukimweleza anaona unatetea namba yako ya zamani.

Nimelifikiri jambo hilo wiki nzima. Kwenye simu ningekuwa na haraka, kwa hiyo nimeona bora niandike, nawe umsomee jioni mkiwa barazani. Nataka kumpa habari za beki mmoja. Si wa kandanda. Ni beki wa hoki ya barafuni, mchezo ambao huku wanaupenda kama sisi tunavyoipenda Simba na Yanga.

Mwambie kwanza mchezo wenyewe ulivyo. Uwanja ni barafu tupu, urefu mita 61 hivi na upana mita 26, umezungushiwa ukuta na vioo, kwa hiyo hakuna mpira wa kurusha wala pa kukimbilia. Kila upande wachezaji watano na kipa. Chini ya viatu vyao kuna ubapa wa chuma ulionolewa kama kisu. Wanachogombania ni kisahani cha raba ngumu, gramu 170 hivi, ambacho hugandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde, na kikipigwa na gongo sawasawa kinapita kilomita 150 kwa saa. Mtu hakai uwanjani hata dakika nzima. Anaingia, anamaliza pumzi yake yote, anatoka, mwenzake anaruka ukuta kuingia.

Mabeki huingia wawili wawili. Na hapa ndipo nilipoanza kuupenda mchezo huu, Bakari, maana nilikukumbuka wewe. Mshambuliaji anakuja kwa kasi ya pikipiki, na beki anarudi kinyumenyume kwa kasi ileile, uso kwa uso naye. Hakitazami kisahani. Anamtazama mwenzake kifuani, kwa sababu gongo na miguu vinaweza kudanganya lakini kifua kinakwenda kule mwili unakokwenda. Gongo lake amelinyoosha mbele kufunga njia ya katikati, anamsogeza yule mtu pembeni kidogo kidogo mpaka ukuta unakuwa beki wa tatu. Wewe ulikuwa ukitufundisha vivyo hivyo pale uwanjani kwetu: usitazame mpira, tazama kiuno, msindikize kwenye mstari. Mtu wa Tanga na mtu wa barafuni wamefika kwenye elimu moja bila kuonana.

Kisha kuna kazi mbili ambazo kwenye kandanda si kali hivi. Kisahani kikipigwa kwenye kona ya nyuma, beki ndiye anayekwenda kukichukua, mgongo wake uko wazi, na anasikia kabisa chuma cha adui kikikwaruza barafu nyuma yake. Sheria inaruhusu kumgonga kwa bega mwenye kisahani. Kwa hiyo anakichukua huku anajua anagongwa, na kabla hajagongwa lazima awe ameshatoa pasi ya kwanza, ile inayofungua mashambulizi yote. Kazi ya pili ni kujilaza mbele ya shuti. Mtu anajitupa chini kwenye barafu ili kisahani kimpige yeye, kisimfikie kipa.

Haya yote nimefundishwa na mzee jirani yangu, ambaye alikuwa kijana miaka ya sabini na alikuwa akienda uwanjani kila akipata nauli. Siku moja nilimuuliza ni nani beki aliyempenda kuliko wote. Hakufikiri. Akasema Börje Salming. Hiyo j waisome kama y yetu: Borye.

Salming alizaliwa tarehe 17 Aprili 1951 huko Kiruna, kaskazini kabisa ya Uswidi, mahali ambapo wakati wa kipupwe jua halichomozi kwa wiki kadhaa. Ni mji wa machimbo ya chuma. Ukoo wa baba yake ulikuwa wa Wasami, wenyeji wa kaskazini ile wanaojulikana kwa kufuga kulungu wa theluji. Baba yake alikuwa mchimbaji, akafa kwa ajali mgodini Börje akiwa na miaka mitano tu. Unajua kwa nini mzee aliponieleza hayo nilinyamaza. Wewe ndiye uliyekuja kunichukua darasani siku ile ya baba.

Yeye na kaka yake Stig wakakua na mama yao, magongo mkononi. Wote wawili wakaja kuchezea Brynäs, timu ya mji wa Gävle, na Börje akachukua nayo ubingwa wa Uswidi mwaka 1971 na 1972. Baada ya hapo timu ya Wakanada ikaenda kule kucheza mechi za kirafiki, na kwenye jukwaa alikuwepo mtafuta vipaji wa Toronto, Gerry McNamara, ambaye alikuwa amesafiri kumtazama kipa. McNamara akamsahau huyo kipa. Aliona beki mwembamba anayegongwa kila upande na harudi nyuma, tena anatoka na kisahani mwenyewe. Siku hiyo Salming alitolewa nje kwa kugombana na mwamuzi, na McNamara akamfuata chumba cha kubadilishia nguo, akampa kadi yake, akamuuliza kama angependa kuchezea Toronto Maple Leafs.

Akafika hapa mwaka 1973 pamoja na mshambuliaji Inge Hammarström. Hamisi aelewe ligi ilivyokuwa wakati huo. NHL, ligi kuu ya hoki ya Kanada na Marekani, ilikuwa karibu yote ni Wakanada. Salming hakuwa Mswidi wa kwanza kuingia, maana Ulf Sterner alicheza mechi 4 na timu ya New York mwaka 1965 kisha akarudi kwao. Lakini watu walishakata shauri kwamba Wazungu wa ng'ambo ile ni laini, hawawezi ubabe wa huku. Walikuwa na jina lao la matusi: kuku wa Kiswidi. Na mechi yake ya pili tu ilikuwa dhidi ya Philadelphia, timu iliyojulikana kwa kupiga watu, ambayo ilichukua Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi hiyo, mwaka 1974 na tena 1975. Walimpiga kwa magongo mapajani na mikononi, walimchokoza apigane. Mzee anasema Salming alirudi chumbani akiwa na alama mwili mzima, na mechi iliyofuata akajilaza tena mbele ya mashuti kama kawaida.

Hilo silisomi kama hadithi ya mbali, Bakari. Nilipofika hapa nilifanya kazi mahali ambapo kwa miezi mingi hakuna aliyeniita kwa jina. Nilikuwa nikirudi nyumbani nakaa kitandani na koti. Sikupigwa magongo, lakini najua uzito wa kuingia mlango uleule asubuhi ya pili. Yeye aliuingia kwa misimu 16.

Sasa nifike kwenye jambo lililomtoa mzee machozi akinisimulia, nami likanitoa. Septemba 1976 yalifanyika mashindano ya mataifa, Canada Cup. Uswidi wakacheza na Kanada hapahapa Toronto, kwenye uwanja wa Maple Leaf Gardens. Wachezaji wakatangazwa mmoja mmoja. Lilipotajwa jina la Salming, amevaa jezi ya njano ya Uswidi, anakuja kupambana na Kanada, uwanja mzima ulisimama ukampigia makofi, hayakwisha upesi. Yeye mwenyewe akashindwa pa kutazama. Wenye nchi walisimama kwa ajili ya mgeni aliyevaa jezi ya adui, tena beki! Miaka mitatu tu nyuma walikuwa wakimwita kuku.

Hesabu zake mwonyeshe Hamisi, maana najua anapenda hesabu za wachezaji. Mechi 1,099 akiwa na Toronto. Magoli 148. Na pasi za magoli 620. Huku pasi inaandikwa daftarini kama goli lenyewe, hata ile ya pili kutoka mwisho inahesabiwa, kwa hiyo beki aliyeanzisha mambo kule nyuma haonekani kama hakuwepo. Pasi hizo 620 ni rekodi ya timu hii mpaka leo. Timu yenye zaidi ya miaka mia moja, imepita washambuliaji wa kila namna, na anayeongoza kwa kuwapa wenzake magoli ni beki.

Hakupata kila kitu. Tuzo ya beki bora wa ligi, Norris, aliikosa akiwa wa pili mara mbili, mwaka 1977 na 1980, na mara zote mbili aliichukua Larry Robinson wa Montreal. Kombe la Stanley hakuligusa kabisa. Toronto walikuwa wamelichukua mara ya mwisho mwaka 1967, na hawajalichukua tena hadi ninapoandika. Alicheza miaka yake mizuri kwenye timu iliyokuwa ikivurugwa na wenye timu wenyewe. Hilo linaniuma kuliko hata jeraha lake la usoni.

Jeraha hilo, kama Hamisi bado mdogo wa moyo, uliruke. Novemba 1986, mechi na Detroit, Salming alianguka mbele ya goli na kiatu cha mchezaji mwingine kikamkanyaga usoni kwa bahati mbaya. Alipasuliwa kutoka juu ya jicho hadi pembeni mwa mdomo. Alishonwa nyuzi zaidi ya 200. Hakukaa nje sana. Alirudi amevaa kioo cha kukinga macho, akaendelea kucheza miaka mingine.

Mwaka 1989 alihamia Detroit kwa msimu mmoja, kisha akarudi kwao Uswidi akachezea AIK ya Stockholm mpaka 1993. Mwaka 1996 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa hoki, Mswidi wa kwanza. Na waliokuja nyuma yake! Nicklas Lidström, beki kutoka Uswidi hiyohiyo, ameichukua ile tuzo ya Norris mara 7. Baadaye Erik Karlsson akaichukua, na Victor Hedman. Siku hizi ukitazama mechi yoyote huoni ajabu kusikia jina la Kiswidi, na hakuna anayeuliza kama wanaweza.

Mimi mwenyewe nilimwona kwa macho yangu mara moja, kwenye televisheni ya mzee. Agosti 2022 ilitangazwa kwamba ana ALS, ugonjwa unaoua mishipa ya fahamu inayoamrisha misuli. Novemba akaletwa Toronto kuagwa, usiku mbili mfululizo, tarehe 11 na 12. Alikuwa hawezi tena kusema. Darryl Sittler, nahodha wake wa zamani, alisimama ubavuni kwake akamshika mkono akauinua juu ili uwanja upungiwe, maana mwenyewe hakuweza kuuinua, na Sittler alikuwa analia waziwazi. Usiku wa pili kocha alianza mechi na Waswidi watupu, watano na kipa wao. Mzee alizima sauti ya televisheni. Tulikaa vile. Salming akafariki tarehe 24, siku 12 baadaye, akiwa na miaka 71.

Sanamu yake ipo nje ya uwanja wa sasa, pamoja na wakongwe wengine. Hupita hapo na wanangu tukishuka mjini, na yule mdogo hutaka kumshika gongo. Namba yake, 21, haivaliwi tena na mtu kwenye timu hii tangu 2016.

Hamisi usimlazimishe. Mwulize tu, mechi ijayo, ni nani aliyetoa pasi ya kwanza kabla ya kila goli, kisha umwache mwenyewe ahesabu. Na wewe shuka naye uwanjani umwonyeshe ile ya kurudi kinyumenyume. Goti lako najua, lakini polepole utaweza, na hakuna mwingine Tanga nzima ninayemjua anayeifahamu kama wewe.

Kuna kijana wa kwetu anakuja likizo mwezi wa kwanza. Nimeshapata jezi ya bluu yenye 21 mgongoni, nitampa aje nayo. Nipe vipimo vya kifua cha Hamisi na urefu wake, uongeze kidogo, wanakua haraka umri huo. Msalimu shemeji, na ukipita makaburini kwa mzee wangu nisomee Fatiha.

Nduguyo,
Mussa